Indiketa ya Baba Kulwa

Benchi letu la Kambarage lina sheria moja tu: anayeinuka kapoteza nafasi. Ndiyo maana watu hapo huvumilia jua kali, manyunyu, na hata simu za wake zao. Jioni hiyo Mageni alikuwa amewanunulia wenzake watatu kahawa na kashata kwa furaha. Wiki iliyopita mkewe, Lusia, alijifungua mapacha akapungukiwa damu, na hawa watatu waliinuka wote kwa mpigo wakaenda kumchangia. Sasa mama na watoto wameruhusiwa, na Mageni alikuwa njiani kuwachukua hospitali awapeleke nyumbani, upande wa Mhunze. Lakini gari lake, Probox ya miaka mingi, lilikuwa limeegeshwa pua ikilitazama benchi, mlango wazi, na indiketa ya kulia inalia ta-ta-ta-ta bila kupumua. Mageni aliingiwa na hofu. Njia ya kwake inakata kulia, mbele ya malori, na leo habebi magunia ya dengu.

— Tatizo ni Ujapani, — alianza Magesa, ambaye kijiweni wanamwita Diwani kwa kuwa amegombea kila uchaguzi na hajashinda hata mmoja. — Kule watu wana haraka. Gari limekuja huku, mwendo wa kule halijausahau.

— Diwani, acha kamba. Gari lina miaka kumi na tano Shinyanga, hata kuchelewa limeshajifunza.

Huyo alikuwa Herman. Wanamwita Injinia kwa sababu ya gari lake, Karina iliyolala juu ya mawe nyuma ya benchi, ambayo anaitengeneza kwa mdomo kila jioni.

— Sikiliza, Baba Kulwa, — Herman akaendelea, na Mageni alisikia raha kuitwa hivyo, jina la baba wa mapacha bado jipya masikioni. — Umeme unatoka kwenye betri, unapita kwenye fyuzi, unaingia kwenye kidude kinaitwa flasha. Kutoka hapo unakuja kwenye hiki kijiti cha usukani. Ukikishusha unauambia nenda kulia, ukikipandisha nenda kushoto. Unafika kwenye balbu ya mbele na ya nyuma, unaziwasha, halafu unarudi kwenye betri kupitia bodi la gari.

— Unarudi kufanya nini? — Magesa aliuliza.

— Na wewe ukitoka hapa hurudi kwako?

— Siku nyingine hapana.

Wakacheka. Mageni alicheka nao, jicho likiwa kwenye jua lililoanza kushuka.

— Jamani, mimi nauliza mbio tu. Mbona inakwenda mbio?

Davis akaweka kikombe chini. Huyu wanamwita Duara, yaani shimo la wachimbaji. Alichimba dhahabu Nyarugusu miaka mingi, na hadi leo kila kitu anakieleza kwa mgodi.

— Flasha ni kama yule jamaa wa juu ya shimo anayevuta viroba vya mawe. Anavuta, anaachia, anavuta, anaachia. Ndiyo hiyo ta, ta. Akiwa na viroba viwili anakwenda taratibu. Kimoja kikikatika, mzigo unakuwa mwepesi, anakimbia. Flasha inapima mzigo, kaka. Inakimbia makusudi ili dereva ushtuke.

— Mzigo upungue vipi wakati mwenzio kaongeza mapacha? — alidakia Magesa.

Davis akafikiri. Hapo ndipo alipoharibu.

— Mzigo upo. Ila umedakwa njiani. Chini ya hili benchi kuna mwamba, na mwamba una dhahabu. Dhahabu inavuta umeme!

— Ndiyo maana simu yangu inaisha chaji nikikaa hapa! — Herman alishangaa, uinjinia wote ukamtoka.

— Basi tuchimbe, — alisema Magesa. — Ila benchi nani atalishika?

Wakaanza kugawana mgodi. Mageni aliwatazama na moyo ukamjaa. Watu wa ajabu hawa, lakini damu yao ndiyo iliyomrudisha Lusia. Angewaambiaje wanyamaze?

Ndipo akatokea Mbuke, mama mkwe wake, kajifunga khanga mbili, kapu la nguo za watoto mkononi.

— Mwadila, mayu, — Mageni alimsalimia kwa Kisukuma akiinamisha macho.

— Mwadila, baba. Mbona hatuondoki? Wajukuu wananingoja.

— Indiketa, mayu. Inakimbia. Tunatafuta sababu.

Mbuke alilisikiliza gari kidogo, kisha akalitazama benchi zima.

— Na huko nyuma ya gari, nani ameenda kuangalia?

Herman alichungulia kikombe chake. Davis aligundua kuwa kamba ya kiatu imelegea. Magesa, ambaye hajawahi kukosa hotuba, alikohoa tu.

Mageni akainuka kwanza. Nyuma yake benchi likalia, nao wakainuka wote, kama siku ile ya damu.

Taa ya nyuma ya kulia ilikuwa imekufa. Mageni aliitoa balbu akaiona imeungua, kioo cheusi. Pale kwenye kona lori la nyuma lisingejua kuwa anakata. Herman alikwenda kwenye Karina yake, akarudi na balbu, akaipachika mwenyewe.

Ta... ta... ta...

— Injinia, na gari lako?

— Lile haliendi popote, Baba Kulwa. Wako wanakwenda nyumbani.

Mageni akamkumbatia Herman. Mbuke akashukuru kwa niaba yake, mikono miwili kifuani:

— Wabeja, wanangu. Wabeja sana.

Alipogeuza gari kuelekea hospitali, Mageni alichungulia kwenye kioo. Vijana watatu wa bodaboda walikuwa wameshakaa kwenye benchi, mmoja akimalizia kashata. Davis, Herman na Magesa walikuwa wamesimama kando ya barabara wakimpungia mkono. Hii ni mara ya pili wanapoteza nafasi kwa ajili ya familia yake. Akashusha kijiti, indiketa ikawajibu taratibu, naye akafuta macho kabla ya kukata kulia.