Sista Kwandu Maganga, Aliyemleta Mbwa Chumba cha Vipimo

Tarehe 30 Juni mwaka huu Sista Kwandu Maganga anastaafu, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja, ulioanzia zahanati kule Lalago na kuishia wodi ya watoto ya hospitali yetu hapa Bariadi. Wengi wetu tuliisikia "Mwangaluka!" yake, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, kabla hatujamwona mwenyewe. Ila chumba cha vipimo kitamkumbuka zaidi kwa sababu ya Tulia.

Sista Kwandu hakuwahi kuzoea kilio cha mtoto anayeshikwa na watu wazima ili atolewe damu. Alisema mtoto huyo hupona ugonjwa, lakini hasahau ile mikono. Aliporudi kutoka mafunzoni Dar es Salaam, ambako alisikia jinsi mbwa waliofunzwa wanavyotuliza watoto wakati wa vipimo, alimfuata Athanasi, daktari wa mifugo, wakatafuta mtoto wa mbwa mpole, wakamwita Tulia. Walimlea na kumfunza pamoja mpaka akakomaa.

Kikao cha kwanza cha hospitali cha kumjadili mbwa huyo kilikuwa kigumu. Mmoja wetu aliuliza kama hii ni hospitali au zizi. Hatimaye majaribio yakaruhusiwa kwa masharti: Tulia achanjwe, aogeshwe kabla ya kila zamu, asikaribie wodi za vidonda, na familia isiyomtaka isilazimishwe. Sista Kwandu alijua kwamba jino moja tu likimgusa mtoto, kila kitu kingeishia hapo. Kwa miezi mingi hakula vizuri. Tulia yeye alikula vizuri mno, hata samaki sato wa kutoka Lamadi aliyekuwa chakula cha mchana cha Matroni. Kesi hiyo haijafungwa hadi leo.

Kisha akaja Jenifer.

Alikuwa na miaka minne, ameletwa na baba yake, Mayige, mkulima wa pamba wa Sapiwi. Midomo ya mtoto ilikuwa ikibadilika rangi kila alipolia, na daktari alitaka apigwe picha ya moyo kwa ultrasound. Lakini alikuwa akipigana na kila aliyemgusa, na kadiri alivyopigana ndivyo pumzi ilivyomwishia. Daktari aliogopa kumpa dawa ya usingizi. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye mashine siku hiyo.

Tulia alipotokea mlangoni, Mayige alimnyakua mtoto.

"Mdogo wangu alikufa kwa kichaa cha mbwa," alisema. "Mimi ndiye niliyemshika mpaka mwisho. Leo mnaniletea mbwa?"

Sista Kwandu alimtoa Tulia nje, akarudi, akaketi karibu na yule baba.

"Pole sana, baba. Hukosei kuogopa. Mdogo wako aliitwa nani?"

"Bundala."

Alimwacha amweleze habari za Bundala. Mimi nilimtazama Jenifer, nikatamani waharakishe. Sista Kwandu hakuharakisha.

"Tulia anachanjwa kila mwaka," alisema mwishowe. "Lakini mtoto ni wako. Ukikataa, tutajaribu njia nyingine."

Njia nyingine hatukuwa nayo, na nadhani Mayige aliliona hilo nyusoni mwetu. Alimkabidhi Sista Kwandu mtoto, akatoka nje, akamgusa mbwa yeye kwanza. Kisha akarudi ndani.

"Aingie," alisema. "Ila mimi sitoki hapa."

Jenifer alilazwa ubavu, akimtazama Tulia. Jeli ya baridi ilipomgusa kifuani alianza kukunja uso, nami nikasimamisha mkono. Tulia akaweka kidevu ukingoni mwa kitanda. Mtoto akashika sikio lake.

"Baba, anapumua," alisema.

Akaanza kuzisikiliza pumzi za mbwa, na zake zikapungua kasi. Nilipata picha zote. Moyo wake ulikuwa na tundu. Alipewa rufaa, akafanyiwa upasuaji, na sasa yuko darasa la kwanza. Mayige alimleta kutusalimia mwaka jana, akasimama mbali.

"Mimi bado namwogopa huyo," alisema. "Lakini msimwondoe."

Si watoto wote waliorudi kutusalimia. Sista Kwandu anawajua hao pia kwa majina, na huwaombea kanisani.

Tangu alipotangaza kustaafu, hofu yetu imekuwa moja: je, Tulia atafanya kazi bila yeye? Wiki iliyopita Muuguzi Joyness alimwingiza kwa mara ya kwanza, mtoto akisubiri kutolewa damu. Sista Kwandu alibaki kwenye korido, ameukumbatia mkoba wake. Tulia aligeukia mlango, akalia kidogo. Hakuna aliyesogea. Joyness akamwita kwa jina, taratibu, akamwita tena. Mbwa akageuka, akajilaza miguuni pa mtoto. Sindano iliingia na kutoka bila kelele. Kule kwenye korido kulikuwa na mtu akilia, nasi tukajifanya hatukusikia.

Sista Kwandu, wabeja sana, asante sana. Umetufundisha kumsubiri mtu anayeogopa. Nenda salama, mayu, mama yetu. Mungu akupe usingizi wa kutosha, shamba lako likubali, na wajukuu wakuchoshe kwa michezo, siyo kwa homa.