Pindo la Bibi Harusi

"Yaani mdogo wako anaolewa leo, halafu wewe asubuhi umeenda kukimbia?" Mzee kinyozi, mkoba wa mashine zake za kunyolea mapajani, hakumjua yule dada aliyekaa naye kiti kimoja, lakini ndani ya basi kila mtu mzima ni mjomba wa mwenzake. Mimi, kiti cha nyuma, nikajifanya naangalia dirishani.

"Nimekimbia nikamaliza, baba! Marathoni nzima!" Dada bado alikuwa na namba kifuani na chumvi ya jasho usoni. Magotini alipakata gauni la harusi alilolishona mwenyewe, maana ndiye fundi wa familia. "Limebaki pindo tu. Nitalishona nikifika."

"Mshika mbili moja humponyoka."

"Huyo alitegemea mikono. Mimi nimetumia miguu!"

Simu yake ikalia. Basi zima tukamsikia mama yao: magari yamefika, bibi harusi amejifunga taulo, gauni liko wapi?

Dada akalitazama pindo, akaitazama namba yake, akaanza kuchomoa pini zilizoishikilia namba na kulibania pindo. "Baba, nishikie hapa."

Kinyozi akashika, akanyoosha, huku anaguna. "Mbio zingekuwepo hata mwakani."

"Tarehe ya mbio ilitangazwa kwanza! Vuta kidogo."

"Ningekuwa baba yako, usingetoka nyumbani."

"Vuta, baba!"

Basi likasimama. Dada akashuka mbio, gauni begani, na nyuma yake kinyozi, mkoba wa mashine kwapani, ameinua pindo lisiguse vumbi, bado anagomba. Kituo cha kinyozi mwenyewe tulikuwa tumekipita zamani.