Bakuli Tatu za Kostiki

Benchi letu ni ubao mmoja juu ya matofali, ukutani mwa duka la Stoo, na ukikaa vibaya linakubana. Birika la kahawa ni langu, kwa hiyo hakuna wa kuniambia ninyamaze. Siku hiyo tulikuwa tumetoka kumzika Mzee Tarishi, viatu bado vina udongo wa makaburini. Walikaa watatu wa kila siku: Stoo mwenyewe, ambaye duka lake lina kila kitu isipokuwa kile ulichokifuata; Fundi Betri, mwenye kuchaji betri za magari, ambaye hana suruali isiyotobolewa na asidi; na Redio, ambaye kazi yake ni kusema. Marehemu kiharusi kilimchukua upande mmoja wa mwili na ulimi wote. Aliyekuwa akimgeuza, akimlisha na kumwosha ni mkwewe, mke wa mwanawe Seremala. Majuzi mgongo wa mzee ukachubuka kuanzia shingoni hadi kiunoni, daktari akasema ameungua, na mzee hakuvuka wiki. Mawifi wakapata la kusema: binti kachoka kuuguza, kammwagia maji ya moto. Wakati sisi tunakunywa kahawa, ukoo ulikuwa umekaa kikao cha kumrudisha kwao, na watoto wake wabaki.

Redio: Mimi namtetea. Wahenga walishasema, maji ya moto hayachomi nyumba.

Fundi Betri: Kwani mzee alikuwa nyumba?

Redio: Mwili ni nyumba ya roho, ndugu yangu.

Stoo: Basi hiyo imebanduka plasta.

Wakacheka. Halafu kila mtu akaangalia viatu vyake, kicheko kikaisha chenyewe.

Redio: Mimi nadhani ni shuka. Shuka za siku hizi zina rangi kali.

Stoo: Shuka imlaze miaka, imuunguze siku moja?

Redio: Au radi. Kuna radi kavu, haina mlio. Inapita dirishani, inachagua mtu.

Fundi Betri: Ikampiga chali, ikamuunguza mgongo? Ilipitia chini ya godoro?

Redio: Sikilizeni basi. Marehemu alikuwa tarishi, sivyo? Barua alikuwa anabeba wapi? Mgongoni, kwenye mkoba. Fikirieni barua ngapi alichelewesha. Za wagonjwa, za wachumba. Machozi ya watu wote wale yamerudi palepale ulipokaa mkoba. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Fundi Betri: Guu lake lilikuwa zima.

Redio: Methali huichukui neno kwa neno.

Nikawaambia wafunge midomo, kwa sababu mgongo ule wao hawakuuona. Mimi nilikwenda kumjulia hali. Ngozi iliyomwagiwa maji ya moto naijua, nimepika kwenye masufuria makubwa tangu nikiwa msichana: inavimba malengelenge, inajaa maji. Ule mgongo haukuwa na lengelenge hata moja. Na nilipougusa kwa kitambaa, kitambaa kiliteleza.

Fundi Betri: Kiliteleza vipi, bibi?

— Kama uliyeshika sabuni iliyolowa.

Fundi Betri akaweka kikombe chini.

Fundi Betri: Hiyo si maji ya moto. Asidi inakukausha, inakukaza. Kinachotelezesha ni kostiki, ile dawa kali ya kupikia sabuni. Ukiishika, vidole vinateleza, na si kwamba vimelowa. Ni mafuta yako mwenyewe yanageuka sabuni.

Stoo: Nani ampake mzee kostiki?

— Yule binti alikuwa anamwosha na nini?

Jibu tulilijua wote, maana mtaa mzima tunaoga nayo. Sabuni ya Mama Sabuni, miche mirefu anayoikata kwa waya.

Redio: Hapo mnakosea. Yule mama anapika sabuni tangu mimi nanyonya. Debe moja la mafuta, bakuli tatu za kostiki, koroga mpaka mkono ufe. Kipimo hakijabadilika. Kweli hii ya mwisho iliniwasha makwapani, nikajua tu imekolea.

Fundi Betri: Ikakuwasha, ukafanyaje?

Redio: Nikajimwagia maji upesi. Mimi mjinga?

Huyo anayo mikono ya kujimwagia na mdomo wa kupiga kelele. Nikawaeleza kwamba utelezi ule ulinitia shaka, na jana nilikwenda hadi jikoni kwa Mama Sabuni. Kaniapia huku analia: mafuta yaleyale, bakuli lileile, tatu zilezile. Na yule mama hana akili ya kutunga uongo, ingekuwepo angeitumia kwenye ndoa zake.

Hapo ndipo Stoo akavimba.

Stoo: Mnamtetea wa nini? Ametokwa na adabu, huyo. Miaka yote kostiki ananunua kwangu, juzi kaniacha, kakimbilia duka jipya kule hospitali, eti wanauza kwenye makopo yaliyozibwa. Mtumai cha nduguye hufa maskini! Kostiki yangu imewahi kuunguza mtu? Semeni! Kostiki yangu ilikuwa mpole.

— Mpole namna gani?

Stoo: Mpole. Imetulia. Gunia langu liko wazi pale chini ya paa linalovuja, kostiki inavuta unyevu, inatoka jasho. Ukiingiza bakuli unachota kama uji. Haina hasira kabisa.

Alisema kwa majivuno, kama mtu anayemsifia mbuzi wake. Ilichukua muda kidogo hadi akasikia alichokisema.

Fundi Betri: Stoo. Katika bakuli moja la uji wako, kostiki ilikuwa kiasi gani?

Stoo: Mimi nitajuaje? Nusu. Nusu ilikuwa maji.

Fundi Betri: Basi miaka yote yule mama alikuwa anatia bakuli moja na nusu, akidhani ni tatu. Na moja na nusu ndiyo shibe ya lile debe la mafuta. Mafuta na kostiki vinalana. Mafuta yakiisha, kostiki iliyozidi haigeuki kitu, inabaki kostiki, imelala ndani ya mche inangoja mafuta mengine.

Redio: Na makopo yaliyozibwa?

Fundi Betri: Kavu tupu. Tatu ni tatu.

Redio: Sasa ile moja na nusu nyingine imekwenda wapi?

— Mgongoni kwa Mzee Tarishi.

Redio akanong'ona kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, akimtazama Stoo, na kwa mara ya kwanza methali yake ikakaa karibu na mahali pake.

Nikamwambia Stoo ainuke, twende kikaoni akaseme maneno yaleyale aliyoyasema hapa, pamoja na majivuno yake.

Stoo: Mimi? Nikawaambie niliuza maji kwa bei ya kostiki?

— Maji yako hayakuua mtu. Ndiyo sifa pekee utakayopata maishani, kaichukue.

Stoo: Bibi, watu watasema...

— Watoto wa mwenzio wananyang'anywa mama, wewe unaogopa watu watasema? Inuka.

Sikumbembeleza. Nilimpokonya kikombe kikiwa na kahawa nusu. Akaanza kufunga mlango wa duka, polepole, akiitafuta kufuli iliyokuwa mkononi mwake.

Ndipo mke wa Seremala akatokea. Walikuwa wamemtoa nje wamjadili, naye hakuwa na pa kusimama, akawa anatembea tu. Nikamwita, nikamwekea nafasi kwenye benchi. Hakukaa.

— Mwanangu, si wewe. Ni sabuni. Ilizidi kostiki. Huyu hapa anakuja kuwaambia, na Fundi anakuja kuwafafanulia.

Redio: Umeshinda, shemeji! Ukweli umepatikana! Mawifi watameza ndimi zao!

Alitutazama mmoja mmoja. Nilitegemea alie, au atushukuru, nikawa natafuta kitambaa.

— Ile sabuni niliyomwoshea mimi? akauliza.

— Hiyohiyo. Hukujua, mwanangu. Wala aliyeipika hakujua.

— Maji ya moto nilijua sikummwagia, akasema. Walikuwa wakinitukana usiku, mimi nalala.

Stoo akaacha kuhangaika na kufuli.

— Siku ile nilipompaka sabuni alitokwa na machozi. Ulimi hana, mkono mmoja ndio unatikisika, akawa anaupigapiga kitandani. Nikadhani ni jasho lililoganda linamwasha. Nikampaka tena, nzito, nikaliacha povu likae kidogo lilainishe, nikaenda kutafuta shuka safi. Shuka haikuwa imekauka. Nikaipiga pasi kwanza.

Akamgeukia Fundi Betri, maana nilikuwa nimeshamtaja kuwa ndiye mwenye kujua.

— Shemeji, ningempaka mara ile ya kwanza tu, nikamsuuza, angekufa?

Fundi Betri akainama, akaanza kukung'uta udongo wa makaburini viatuni. Yule binti akabaki amesimama anangoja jibu, bila hasira, kama mtu aliyeuliza bei dukani.