Safu ya "Karibu Tu"

Risala ya wafanyakazi wa Idara ya TEHAMA, Hospitali ya Mkoa ya Itá Morotí, Paraguay, siku ya uzinduzi wa mfumo mpya wa mafaili ya wagonjwa

Mgeni rasmi, Daktari Fulgencia Ovelar kutoka Wizarani, Msimamizi wa hospitali yetu, Bwana Egidio Samaniego, Padri wetu, madaktari, wauguzi, na ninyi wagonjwa mliosogea kivulini kusikiliza:

MAKARIBISHO

Karibu sana, Daktari Ovelar. Tunajua umetoka Asunción kabla ya jua, na barabara imekutikisa. Chipa, vimkate vyetu vya jibini, bado ni za moto, na tereré, chai yetu ya baridi, ina barafu. Kunywa kwanza, maana maneno yetu ni marefu kidogo.

TULIKOTOKA

Idara ilianza miaka tisa iliyopita na watu wawili, katika chumba kilichokuwa cha mitungi ya oksijeni. Siku hizo kazi zilipita mlango wa nyuma. Daktari anakukuta kwenye korido, anakupa tereré, anakuomba hisani, nawe unaacha ulichokuwa unafanya. Huku kwetu kumwambia mtu hapana usoni ni utovu wa adabu.

Mwaka jana Wizara ikatufundisha kuendesha miradi kwa kanuni: kila kazi iandikwe kwenye kadi, iwe na mwenyewe mmoja, na isikabidhiwe kabla ya kupita majaribio. Tulirudi tumeiva. Tukabandika ubao wenye safu tatu: Haijaanza, Inafanyika, Imekwisha. Wiki ya pili safu ya nne ikajiotea yenyewe: Karibu Tu. Baada ya miezi miwili ilikuwa na kadi arobaini na moja. Imekwisha ilikuwa na mbili, na moja ilikuwa ya kununua ubao wenyewe.

Aliyeifuta safu hiyo ni Ña Nélida Cabañas, yaani Mama Nélida, mwenye kazi ya majaribio. Alisimama na kitambaa kibichi mkononi, akamgeukia Wilfrido anayewasomea risala hii.

"Mwanangu, hii kadi ya maabara vipi?"

"Karibu tu, Ña Nélida."

"Miezi miwili karibu tu? Mimba nayo huwa karibu tu, lakini siku ikifika tunamwona mtoto. Wako yuko wapi?"

Tulicheka, ila haya ilitupata.

MAFANIKIO

Tangu siku ile tumemaliza kazi thelathini na nne. Majibu ya maabara yanafika wodini kwa dakika kumi. Zamani yalichukua siku nzima. Madaktari nao wanaandika maombi yao, ingawa Daktari Zárate bado anajaribu bahati yake. Tereré yake tunainywa, ombi tunamrudishia akaliandike.

CHANGAMOTO

Viti vitatu havina migongo. Kiyoyozi kinatoa maji zaidi kuliko baridi. Hayo tumeyazoea.

Lipo la tatu, nalo ni mfumo huu ambao kitufe chake kiko mbele yako, kimefungwa utepe. Waliouunda waliwafikiria watu wenye jina moja la ukoo. Sisi tunabeba mawili, la baba kisha la mama, na mfumo unalikata la mama. Ña Nélida aliingiza faili la Ramón Benítez Ayala na la Ramón Benítez Duarte, mfumo ukawafanya mtu mmoja. Huyu Ayala, penisilini humvimbisha koo. Onyo hilo, lililokuwa kwenye faili lake, likafutika. Ña Nélida akaendelea kutafuta, akakuta wagonjwa mia mbili na kumi na wawili waliounganishwa na watu wasiowajua.

Bwana Msimamizi alimwambia mbele yetu, "Mama, kadi za mwaliko zimeshatoka. Weka Imekwisha, mengine tutarekebisha polepole."

"Mwenye kazi hii ni mimi, bwana. Haijaisha."

Kesho yake alihamishiwa stoo ya mashuka. Kadi ya mfumo ikasogezwa kwenye Imekwisha. Sisi sita tuliobaki tulinyamaza, na tunaona aibu mpaka leo. Bwana Samaniego hatumsemi kwa ubaya. Wizara ilimpigia simu mara nyingi kumuuliza mfumo umefika wapi, naye alijibu kama sote tunavyojibu hapa.

MAOMBI

Tunaomba kiyoyozi na viti, ikiwezekana.

Tunaomba usibonyeze kitufe hicho. Tupe wiki sita. Tunaona kwaya imeshavaa sare, na Padri amekuja na maji ya baraka. Abariki tu mashine, baraka hazichachi. Ramón Benítez Ayala amelazwa wodi ya wanaume tangu juzi, kitanda cha sita, na mfumo ukiwashwa sasa, muuguzi wa zamu ya mchana atasoma kwamba hana mzio wowote.

Na Ña Nélida arudi. Hakututuma tuseme haya. Yuko nyuma ya jengo hili anakunja mashuka, wala hajui kilichoandikwa humu.

Bikira Maria wa Caacupé akulinde njiani, akurudishe salama kwa watoto wako. Hatujawahi kumnyima mgeni kitu, ndiyo maana tulianza na viti. Tumetia saini wote. Na wewe Bwana Msimamizi, kama stoo ina nafasi, tuko sita.

Ni sisi, wafanyakazi wa Idara ya TEHAMA,
Hospitali ya Mkoa ya Itá Morotí.