Lukresia Hhando, Aliyekwenda Kuona Viwanja Mvuani

Waliowahi kukaa jirani na Lukresia Hhando hapa Karatu wanaukumbuka mlio mmoja: gambuti mbili zikigongwa kwenye ngazi ya mlango. Ko, ko, kimya kidogo, kisha ko ya mwisho, na tope jekundu linaanguka. Ukiusikia ulijua mvua imenyesha, Lukresia ametoka kuona kiwanja cha mtu, na birika la chai liwekwe jikoni. Wengi waliokusanyika hapa leo wanakaa kwenye nyumba ambazo mlio huo ulizitangulia.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1973 katika kijiji cha Kansay, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Hhando Tluway na Mama Laurencia, wote marehemu. Alibatizwa mwaka huohuo. Mzee Hhando alikuwa na desturi ya kumtuma shambani mvua ikiwa bado inanyesha, ili aone maji yanakata wapi. Watoto wengine walibaki wakiota moto. Lukresia alirudi amelowa hadi mifupa, akachukua kijiti na kuchora kwenye majivu: hapa yanaingia, hapa yanakaa, hapa yanatoka. Baba yake alitazama mchoro, akasema, "Basi," naye akapewa kikombe cha kwanza cha uji. Ndivyo alivyojifunza ardhi, miaka mingi kabla hajajua kwamba ardhi huuzwa.

Alisoma shule ya msingi hapo kijijini kuanzia mwaka 1981 hadi 1987, kisha sekondari huko Mbulu, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1991. Alipenda sana kuandika. Mwaka mmoja waliambiwa waandike insha juu ya nyumba zao, naye akajaza kurasa mbili kuhusu tundu lililokuwa kwenye paa la bweni.

"Lukresia, nimeomba insha, sikuomba malalamiko," mwalimu alimwambia.

"Ndiyo, mwalimu. Lakini paa linavuja."

Mwaka 1993 aliajiriwa mapokezi kwenye loji moja kando ya barabara ya kwenda Ngorongoro, akakaa hapo miaka kumi na saba. Wageni walikuja wakaondoka. Wafanyakazi walibaki na shida zao. Waongoza watalii, wapishi, madereva, wote walimwuliza chumba kizuri kinapatikana wapi na nani anauza kiwanja kisicho na ugomvi. Aliwaandikia kwenye karatasi, na kila karatasi ilianza na habari za jirani, kwa sababu alisema ukuta unaweza kuupaka rangi lakini jirani huwezi.

Alifunga ndoa na Simon, fundi magari, tarehe 26 Septemba 1998. Simon mwenyewe amepata kusimulia kwamba kabla ya kumkubali, Lukresia aliomba kuona chumba chake, na akachagua siku ya mvua kubwa. Alitazama juu, akatazama chini ya kitanda, akapitisha kidole ukutani, akasema, "Panakalika." Simon anasema hadi leo hajui siku ile alikubaliwa yeye au chumba. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza akiwa Doreen.

Mwaka 2011, baada ya kuacha kazi ya loji, alianza udalali wa nyumba na viwanja, na mwezi wa Juni mwaka huo akafungua blogu. Aliiita Jirani Kwanza. Alikodi kompyuta karibu na soko, akachapa kwa vidole viwili, na Jumatatu ya wiki iliyofuata madalali wenzake walimcheka: nani atasoma habari za choo cha mtu kwenye intaneti? Watu walisoma. Walisoma Arusha, walisoma Dar es Salaam, walisoma na wenyeji wa huku waliokuwa wakifanya kazi mbali na kutaka kujenga nyumbani. Lukresia hakuandika "kiwanja kizuri, wahi". Aliandika jua linaingilia dirisha gani, jogoo wa jirani anawika saa ngapi, na gari la maji hushindwa kupanda mlima siku zipi.

Kisha akafanya kosa. Familia inalieleza hapa kwa sababu yeye aliagiza lielezwe.

Agosti 2014, dalali aitwaye Parmuat, aliyekuwa amehamia Karatu kutoka Soitsambu miezi mitano tu kabla, alimletea habari ya kiwanja pembezoni mwa korongo. Parmuat aliambiwa na muuzaji kwamba maji hayapiti pale, naye akamwambia Lukresia hivyo hivyo. Lukresia alikwenda, akakuta vumbi na majani makavu, akapiga picha, akaandika. Hakusubiri mvua. Mama Seenoi, muuguzi mstaafu wa Soitsambu, aliyetaka kukaa karibu na shule ya wajukuu wake, akasoma, akanunua, akajenga. Aprili 2016 korongo lilipanuka na kuchukua jiko lake lote, na kuku tisa ndani yake.

Mama Seenoi alikuja hadi nyumbani kwa Lukresia, akaketi, akakunja shuka lake vizuri magotini.

"Umeandika vizuri sana, binti yangu," alisema. "Ila maji hayakusoma."

Lukresia hakulala vizuri wiki ile. Jumamosi aliandika andiko lililoitwa "Jiko la Mama Seenoi". Lilikuwa fupi. Alisema kiwanja kile alikiona kiangazi, akasifu asichokijua, na anaomba msaada. Madalali wenzake walidhani amejichimbia kaburi. Badala yake simu zilianza kuita. Modest, mpima ardhi wa Arusha ambaye Lukresia hakuwahi kuonana naye, alisema atakuja kupima popote Mama Seenoi atakapopata. Joseph wa Rhotia, mwenye kiwanja kidogo mlimani na ng'ombe wasio na majani, alikubali kubadilishana, akapanda nyasi na miti kule korongoni. Fundi mmoja alimjengea mama yule jiko jipya, akaweka na banda la kuku.

Hapo ndipo Lukresia alipoona kazi yake ilivyo. Tangu siku ile kila andiko lake lilimalizika kwa maneno mawili, "Waulize hawa", na chini yake majina na namba za simu: mpima, wakili, fundi, mchimba kisima, mwenyekiti wa kitongoji, jirani. Aliweka tu watu aliowaona wakifanya kazi, na hakuna aliyeweza kulipia nafasi. Wao nao wakaanza kupeana wateja. Wakili wa Arusha akipata mtu anayetaka kujenga Karatu, alimwelekeza kwa Lukresia. Lukresia akipata anayetaka Babati au Loliondo, alimpeleka kwa anayekujua huko kuliko yeye. Orodha ilifika majina arobaini na sita.

"Mama Doreen, unagawa wateja wako kama njugu," dalali mmoja alimwambia sokoni.

"Nawapa mtu wa kumuuliza," alijibu. "Akirudi kwangu ni wangu. Asiporudi, alikuwa wa mwenzangu."

Na kanuni ya pili: hakuandika tena kiwanja chochote kabla ya kukiona mvua ikinyesha. Hapo ndipo gambuti zilipoingia katika maisha ya familia hii. Kuna wateja walikasirika kusubiri masika. Aliwaambia wanywe chai.

Lakini jina moja halikuingia kwenye orodha ile. Katika andiko la jiko, Lukresia aliandika, "Niliambiwa maji hayapiti." Hakutaja nani alimwambia, ila Karatu nzima ilijua. Wateja walimkimbia Parmuat. Hata kwao Soitsambu alionekana amemponza mama wa huko huko kwao. Hakugombana na mtu. Kila Lukresia alipoandika jambo jipya, Parmuat alipita kwenye meza yake pale sokoni na kuegemea.

"Mama Doreen, leo nimo?"

"Leo humo."

"Haya. Nitapita tena."

Miaka ilikwenda, na watu wakaona ni utani wao. Walicheka, na wao wenyewe walicheka. Aliyejua kwamba mmoja wao hakuwa akitania ni Lukresia.

Oktoba 2024 miguu yake ilianza kuvimba. Asubuhi moja gambuti zilikataa kuingia, akazivuta hadi akakaa chini akihema. Hospitali walisema moyo wake umepanuka. Alipewa dawa, akakatazwa chumvi na milima. Chumvi aliiacha. Ilipofika masika ya mwaka huu alikuwa hawezi kuvuka ua wake mwenyewe, na vilikuwapo viwanja kumi na kimoja ambavyo wenyewe walikuwa wakimsubiri.

Siku moja ya Aprili, saa tisa alasiri, mvua ikipiga bati, alisikia kutoka kitandani: ko, ko, kimya kidogo, ko.

"Nani huyo anagonga kama mimi?" aliuliza.

Parmuat aliingia na soksi zilizolowa. "Ni mimi, Mama Doreen. Natoka Bashay, kwenye kile kiwanja unachotaka kukiandika."

"Nani kakutuma?"

"Mvua."

Lukresia alijiinua kidogo kwa kiwiko. "Maji yamesimama wapi?"

"Kona yenye mparachichi. Yanafika hapa." Alionyesha chini ya goti.

"Umepima kwa kitu gani?"

"Kwa mguu wangu. Sina kingine."

Alikwenda kwenye viwanja vyote kumi na kimoja. Alirudi kila mara kwenye ngazi ile, akagonga, akaeleza, na Doreen, binti wa kwanza wa marehemu, akachapa huku mama yake akisema maneno. Viwili viliandikwa kwamba havifai, na wenye viwanja hivyo wamenuna hadi leo. Parmuat aliendelea kuuliza kama kawaida yake, "Leo nimo?" Lukresia aliendelea kujibu, "Leo humo," ila sasa jibu lilichelewa.

Mwezi Juni alimweleza mdogo wake Angelina, anayesoma wasifu huu, kwa nini. Alisema hakuwa na kinyongo na Parmuat hata siku moja. Parmuat alikuwa mgeni, na alisema alichoambiwa. Yeye ndiye mtoto wa Kansay aliyechora maji kwenye majivu, naye ndiye hakwenda. Nyuma ya lile neno "niliambiwa" ndipo alipojificha, akaruhusu mwenzake alowe peke yake miaka tisa. Kumweka Parmuat kwenye orodha kungemlazimu kulifuta neno lile mbele ya watu, na watu walimsifu kwa ukweli wake kutokana na andiko lilelile. "Ona, Angelina," alisema, "andiko langu la kuomba radhi ndilo lenye uongo."

Hali yake ilibadilika tarehe 3 Julai, akapelekwa hospitali. Umauti ulimfika Jumanne tarehe 8 Julai 2025, saa kumi na mbili asubuhi, Simon akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili.

Ameacha mume, Simon, watoto watatu, Doreen, Tumaini na Cresensia, mjukuu mmoja, ndugu sita, na majina arobaini na saba ya watu wanaoendelea kuulizana na kuelekezana kutoka Mto wa Mbu hadi Loliondo. Wengi wao wako hapa. Kuna waliokuwa wakipigiana simu miaka sita na leo ndio wameonana sura kwa mara ya kwanza, kwenye foleni ya kunawa mikono. Mama Seenoi naye yuko hapa, na amekuja na kuku. Familia inawashukuru wauguzi, majirani, jumuiya, na wote waliobeba mzigo huu nasi.

Mwenyezi Mungu ampe marehemu makao kwenye ardhi isiyomomonyoka, na ampumzishe huko kwa amani yake.

Wasikilizaji makini watasema majina yalikuwa arobaini na sita. Ilikuwa hivyo hadi Jumapili tarehe 6 Julai. Mchana wa siku ile alimwambia Doreen afungue andiko la jiko la Mama Seenoi. Akaagiza maneno "Niliambiwa maji hayapiti" yafutwe, na mahali pake paandikwe: "Sikwenda kuona. Kosa lilikuwa langu peke yangu." Akataka asomewe mara mbili. Akaagiza pia yasomwe siku ya kumzika, na sasa yamesomwa.

Parmuat alikuwa nje kwenye benchi, kofia mkononi, akisubiri zamu ya kumsalimia. Alipoingia hakujua lolote lililofanyika. Aliona mgonjwa amechoka, na kwa kukosa la kusema akasema lile alilozoea.

"Mama Doreen, leo nimo?"

Lukresia alifumbua macho. Sauti ilikuwa imebaki ndogo sana, hata Parmuat akainama ili aipate.

"Umo, mdogo wangu. Wa kwanza."