Dawa Zote za Bingwa Pantaleo

Upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba hauna adabu, unakuvua kofia mchana kweupe na kukuvalisha vumbi. Siku hiyo ulipiga tangu asubuhi, lakini benchi la ukutani kwa fundi vyuma pale Miyuji lilikuwa limejaa kama kawaida. Thobias muuza kahawa alishatua birika lake juu ya jiko la mkaa, na pembeni sinia la kashata. Waziri alikuwepo. Jina lake Meshack, anapaka rangi maofisi ya serikali kule Mtumba, basi siku hizi anaongea kama yeye ndiye anayezifungua hizo ofisi. Kipimo naye alikuwepo, yaani Noeli fundi cherehani, utepe shingoni hata akienda msibani. Na katikati, miguu imetanuliwa, alikaa Pantaleo mwenyewe, Bingwa, mchimba visima. Huyu aliwahi kuchimba kisima Chamwino mpaka akasikia watu wa upande wa pili wa dunia wakibishana mpira. Sukari ilimkamata mwaka jana. Akasema haijamkamata, yeye ndiye kaikamata.

— Bingwa, hiyo kashata unaitazama kama mchumba aliyekukimbia, alianza Waziri.

— Siitazami. Naichunga nzi wasiiguse.

— Kula basi kipande.

— Nile ya nini? Mimi nakula mimea mitupu siku hizi. Mwili wangu huu ukiupanda leo, kesho unavuna.

Kipimo alicheka mpaka kahawa ikampalia.

— Na vidonge vya kliniki je?

— Vidonge nameza, sijakataa. Lakini kidonge ni mgambo tu, anapuliza filimbi. Jeshi lenyewe ni mimea.

Hapo pakachangamka. Waziri akasogea mbele ya benchi.

— Jeshi ni bamia, ndugu yangu. Unaloweka usiku, asubuhi unakunywa yale maji. Sukari inateleza yenyewe. Kule Mtumba kuna bosi mmoja, sukari yake iliteleza mpaka ikamtoka kwenye viatu.

— Uongo huo! Kipimo akadakia. Dawa ni zabibu.

— Zabibu si tamu, we Kipimo?

— Tamu ndiyo, lakini utamu wa mti. Sukari ya mti na sukari ya dukani hazipatani. Ukizikutanisha tumboni zinapigana, zinamalizana zote. Wewe unabaki mtazamaji.

— Nilikula zabibu kilo nzima, Pantaleo akakiri taratibu.

— Zikapigana?

— Zikapatana. Nesi alivyopima, mashine ikalia kama king'ora.

Wakacheka, na Pantaleo akacheka kuliko wote, maana Bingwa hachekwi, anacheka na wenzake. Lakini macho yalirudi kwenye kashata. Na si kashata hasa. Harufu ya mkaa na karanga za kukaanga ilimpeleka mbali, mpaka jikoni kwake, ambako siku hizi jiko ni la baridi na mwiko unaning'inia kwenye msumari kama mtu aliyesusa.

Mke wake, Editha, yuko kwao Mlali. Mama yake alianguka akavunjika nyonga mvua zilipoanza, Editha akaenda kumuuguza. Sasa uwele umeshavunwa, mabua yameliwa na ng'ombe, na Editha bado yuko huko. Kila jioni anapiga simu kuuliza kama mume wake kala. Na kila jioni Pantaleo anamjibu kwamba kashiba mpaka mkanda unalalamika. Editha kabla hajaondoka alitaka kumwonyesha jinsi ya kupika. Pantaleo alimwambia, mimi niliyepasua mwamba nishindwe na sufuria?

— Nyie mnaongelea bamia na zabibu, akasema, kifua kikipanda. Mimi nina kitu.

Akatoa mfukoni kifurushi cha gazeti. Ndani, unga wa kijani uliokolea.

— Mlenda mkavu, Kipimo akasema. Si mboga hii? Bibi yangu alikuwa nao chungu kizima.

— Kwa bibi yako mboga. Kwangu dawa. Mama Joshua, mke wangu, ananitumia kwa basi kutoka Mlali.

— Unaupikaje?

Pantaleo alikula mlenda tangu hajaota meno. Kula alijua. Lakini mwanaume wa Kigogo wa umri wake kuchungulia chungu kinachochemka, hilo hakulelewa nalo. Alichojua ni mlio tu: mwiko ukigongwa ukingoni mwa sufuria, ujue maji yako ya kunawa yapo tayari.

— Siupiki, akasema. Naukoroga kwenye kikombe cha maji ya baridi. Nakunywa.

— Mbichi?!

— Mbichi ndio wenye nguvu. Juzi nimekunywa, uzi wake ukaning'inia hapa mdomoni. Nikatoka nje, haukatiki. Nikafika getini, haukatiki. Jirani akataka kuanika nguo.

— Na tumbo?

— Tumbo liko imara.

— Bingwa, Kipimo akasema, akashika utepe wake. Mwezi wa pili nilikushonea suruali kiuno thelathini na nane. Leo umeifunga na kamba.

— Nguvu za mimea hizo.

— Au njaa.

Neno hilo halikuchekwa. Thobias akajifanya anapuliza mkaa. Waziri, kuokoa hali, akaanzisha habari ya mlonge, kwamba mtu akila mbegu zake hata jasho linakosa chumvi, lakini alikuwa anaongea na vikombe.

Ndipo akaja mama mmoja na mfuko wa salfeti kichwani, khanga imejaa vumbi la stendi.

— Mbukwenyi! akasalimu kwa Kigogo.

— Mbukwa, wakaitikia.

— Nimeelekezwa hapa. Nani kati yenu ni Baba Joshua?

— Umemwona, Pantaleo akanyoosha mgongo. Bingwa wa visima.

— Mimi Anastazia, shemeji yako wa Mlali. Tunakaa jirani na kina Editha.

Akatua mfuko miguuni kwake. Unga wa uwele, mlenda, karanga, na kipande cha magadi kimefungwa kwenye kitambaa ambacho Pantaleo alikijua. Ni cha khanga ya kijani, ile aliyomnunulia Editha siku mtoto wao Joshua alipozaliwa. Akakishika. Kilinuka moshi.

— Kanituma swali, Anastazia akaendelea. Kasema kwenye simu unamjibu haraka mno. Kasema nikuulize nikikutazama usoni.

— Uliza, Waziri akajibu. Hapa hakuna swali la sukari linalotushinda.

— Si la sukari. Anauliza, umekula?

Waziri akajirudisha nyuma kwenye benchi. Kipimo akaviringisha utepe kidoleni. Thobias akainamisha birika juu ya kikombe cha Pantaleo, likatoa tone moja na masizi. Kahawa ilikuwa imekwisha, na upepo ukapita juu ya benchi zima.

Pantaleo alikuwa na majibu. Alikuwa nayo tangu mvua za kwanza. Yote yalimfika kooni yakakwama pale pale, kama uzi wa mlenda usiokatika.

— Shemeji, nimwambie nini? Anastazia akauliza kwa upole.

Pantaleo akatoa simu yake ndogo, akakipangusa kioo kwenye suruali ya kamba, akapiga mwenyewe. Ikaita. Wenzake wakageuka kutazama barabara, kila mmoja kwa adabu yake.

— Mama Joshua, akasema.

Kule ng'ambo kulisikika kishindo cha mwiko ukingoni mwa sufuria, halafu sauti ikiuliza swali lile lile.

— Bado, Pantaleo akajibu. Mke wangu, bado.