Watoto Nje, Gerishon Ndani

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Leo tunamkumbuka Gerishon Muriithi, mkazi wa Kamenu, Thika. Hakuwa mwalimu. Alikuwa msaidizi wa maabara katika shule moja ya kutwa huko Ruiru, miaka kumi na tisa, lakini wanafunzi walimwita mwalimu.

Shule hiyo ina mtindo ambao wengi wenu mnaujua. Maabara hufungwa kwa kufuli hadi kidato cha nne, muhula wa mwisho, ati vyombo visivunjwe. Watoto wanakariri rangi za gesi kwa sauti moja: klorini, kijani-njano. Klorini, kijani-njano. Hawajaiona hata siku moja. Halafu wakianguka kemia tunawaita wavivu.

Gerishon alikuwa na ufunguo. Saa ya chakula cha mchana aliwafungulia kidato cha tatu. Shida ilikuwa feni ya kutoa gesi nje. Iliharibika, akaomba itengenezwe, akaambiwa angoje. Alingoja miaka sita. Basi watoto wakawa wanabaki nje, nyuso zimebanwa kwenye kioo cha dirisha. Yeye anaingia peke yake, anafunga mlango, anatengeneza hiyo klorini, gesi ya sumu inayochoma mapafu, anainua chupa waione.

Nasema tena, wapendwa: watoto nje, Gerishon ndani.

Naliaka alikuwa mmoja wa hao watoto. "Alikuwa anakohoa huku anatuonyesha na kidole," aliniambia. "Tulidhani ni homa tu. Hata tulikuwa tunamcheka."

Mkewe, Idah, hakucheka. "Nilimwambia, Baba Wanja, wachana na hiyo kitu, kifua kinaisha. Akasema, sasa wataandika aje kitu hawajawahi kuona?"

Mwezi uliopita kifua kilimshinda. Daktari alimwambia Idah kwamba mapafu yalikuwa yameharibika kitambo. Gerishon alifariki Jumanne, akiwa na miaka hamsini na mmoja.

Baada ya mazishi Idah alikuta ufunguo katika mfuko wa koti lake jeupe. Akaurudisha shuleni mwenyewe. Ukapokelewa, akashukuriwa, ukatiwa kwenye droo. Akiwa bado ofisini alisikia darasa la jirani likiimba: klorini, kijani-njano.

Inaniuma, sitaficha. Leo mkifika nyumbani, msimuulize mtoto amepata alama ngapi. Muulizeni maabara yao ilifunguliwa lini, na nani anaingia ndani.

Pole sana, mama Idah. Pole, Wanja, binti yake. Wanja yuko kidato cha pili, shule hiyo hiyo. Zamu yake ya kusimama dirishani ilikuwa mwakani.